Tuambieni Maji Yatafika Wapi

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia Mafia, mwambao wa Kenya nao uliwekwa kwenye tahadhari. Fuo zilifungwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na ujumbe uliozunguka kwenye simu ulitaja zaidi kitu kimoja: kasi ya upepo. Tarehe 4 Mei kimbunga kikapiga Mafia, kikaingia bara ya Tanzania, kikafifia. Kutoka pale mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 500. Huku Lamu makuti yalibaki juu ya mapaa, majahazi yakabaki kwenye nanga zake, na barazani likabaki neno moja: tulitishwa bure.

Neno hilo ni la hatari kuliko Hidaya yenyewe. Mtu akitishwa kwa upepo, kisha upepo usije, mara ya pili hatasikia, wala hapo hana kosa. Tahadhari ilimpa kipimo asichokitumia maishani mwake, tena cha kitu ambacho siye muuaji mkubwa.

Wamarekani wana tabia ya kuandika kila kifo cha kimbunga pamoja na sababu yake. Kituo chao cha vimbunga kilipopitia vifo vya miaka 50, kuanzia 1963 hadi 2012, kilikuta karibu 90% vimetokana na maji. Karibu nusu ya vifo vyote ni bahari iliyopanda nchi kavu, na robo ni mafuriko ya mvua. Upepo, huo unaotangazwa kwanza na kupigwa picha ukikunja minazi, haukuzidi 10%. Baada ya kuliona hilo, mwaka 2017 walianza kutoa onyo la bahari kupanda peke yake, mbali na onyo la upepo.

Ufilipino walilipa gharama kubwa kwa neno moja. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho wenyewe hukiita Yolanda, kilipiga mji wa Tacloban. Utabiri ulikuwa sahihi: watu waliambiwa bahari ingeweza kupanda hadi mita 7. Lakini jambo lenyewe lilitajwa kwa istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza, "storm surge", na wengi walidhani ni dhoruba kama zile walizozizoea. Walionusurika walisema lau wangeambiwa tsunami, wangekimbia. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 6,300, na wengine zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Baadhi yao walizama ndani ya majengo waliyopelekwa kujihifadhi, kwa sababu majengo hayo yalichaguliwa kwa uimara wa kuta bila kuangalia kimo cha sakafu.

Sisi tuna hazina ambayo Tacloban hawakuwa nayo. Kiswahili cha mwambao kimeyapima maji karne na karne. Tuna kujaa na kupwa, tuna bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo mwezi ukiwa nusu. Mtoto wa Shela anajua ni saa ngapi mashua itapwelewa. Lakini tahadhari za kimbunga zikifika huku, zinasema "mawimbi makubwa". Wimbi huja na kurudi ndani ya sekunde chache. Mtu husimama mlangoni akalitazama. Kinachoua hakirudi. Ni bahari nzima iliyonyanyuka na kukaa juu kwa saa kadhaa, na mawimbi yakipanda juu yake. Ningekiita bamvua la upepo, na nadhani hakuna mvuvi kutoka Kiunga hadi Ngomeni atakayeuliza maana yake.

Bamvua hilo hujengwa hivi. Kwanza, mgandamizo wa hewa hushuka katikati ya kimbunga, na kwa kila milibari moja inayopungua bahari huvimba karibu sentimita moja. Kutoka milibari 1,013 za kawaida hadi 950 za kimbunga kikali, hizo ni sentimita 60 na kitu. Hilo ndilo fungu dogo. Fungu kubwa ni upepo unaosukuma maji upande mmoja kwa saa nyingi. Penye kilindi karibu na pwani, maji yanayosukumwa hupata njia ya kurudi kwa chini. Penye kina kifupi na sakafu inayopanda polepole hayana pa kurudi, basi hupanda nchi kavu. Ghuba ya Ungwana, toka Ngomeni mpaka Kipini, ni pana, ya kina kifupi, na ufuo wake ni tambarare. Atakayechora ramani ya hatari ya pwani hii aanzie hapo.

Simaanishi kwamba Lamu itapata bahari ya Tacloban. Malindi iko kama digrii 3 kusini ya ikweta, Lamu digrii 2 na kidogo. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili upepo wake ujipinde, na ndani ya digrii 5 hivi za ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno. Ni vigumu jicho la kimbunga kutua juu ya kisiwa chetu cha Manda. Walakini tumekaa kati ya milango miwili. Kusini iko njia ya Hidaya na wenzake. Kaskazini, Novemba 2013, dhoruba ilipiga Puntland, jimbo la Somalia, ikaua watu zaidi ya 100, wengi wao wafugaji waliomalizwa na mvua na baridi; na Novemba 2020 kimbunga Gati kikaingia kaskazini mwa Somalia, kikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa nchini humo. Kinachotufikia sisi ni mkia: mawimbi yaliyosafiri mbali, upepo wa bahari uliokazwa, mvua isiyokatika. Mkia huo ukikuta maji mafu, hatuuoni. Ukikuta bamvua ni habari nyingine.

Hapa kalenda ya mwezi inasema zaidi ya kipima upepo. Tarehe 4 Mei 2024 ilikuwa 25 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi ulikuwa umefika nusu siku tatu kabla, kwa hiyo Hidaya ilikuta maji mafu yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 8 Mei. Kimbunga kilekile kingechelewa siku tano tu, mawimbi yake yangekuja juu ya bamvua, na bamvua la pwani hii hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Nusu mita ya nyongeza haina maana maji yakiwa mafu. Juu ya kilele cha bamvua, nusu mita hiyo ndiyo inayovuka ukuta wa bandari na kuingia madukani.

Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, ilipigwa namna hiyo hasa. Usiku wa 12 Novemba 1970, Ramadhani ikiwa katikati na mwezi umebakisha usiku mmoja kuwa mpevu, kimbunga cha Bhola kiliingia pamoja na maji kujaa. Makadirio ya chini ya waliokufa ni 300,000. Hakuna kimbunga kingine kinachojulikana kilichoua watu wengi kiasi hicho.

Tena kuna majira. Kimbunga kilichopiga Unguja mwaka 1872, kikavunja meli za Sultan Barghash na kuangusha mikarafuu hata kilimo chake kikahamia Pemba, kilikuja Aprili. Kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuwa cha Aprili. Kenneth, iliyopita Komoro na kuingia Cabo Delgado, ilitua 25 Aprili 2019. Hidaya ni Mei. Vyote vimeangukia pale kaskazi inapomalizika na kusi inapoingia, mvua za mwaka zikiwa zimeshaijaza ardhi na mito. Atakayepanga mazoezi ya tahadhari Desemba, kwa sababu ndipo wageni wamejaa hotelini, amepanga kwa kalenda ya hoteli.

Kenneth itutazamishe mahali pamoja: Ibo. Ni kisiwa kidogo cha Msumbiji chenye mji wa kale wa mawe, watu wake wanasema Kimwani, lugha iliyo jirani kabisa na yetu, na mikoko imekizunguka. Sehemu kubwa ya nyumba zake ziliharibiwa. Nyumba ya mawe ya matumbawe yenye ukuta wa nusu mita haiangushwi na upepo kirahisi. Kinachoondoka ni paa. Mabati huanza kung'oka kwenye ukingo na pembe, kwa sababu upepo unaopita juu hufyonza huku ule ulioingia kwa dirisha lililovunjika ukisukuma kutoka chini. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Fundi anayeweka msumari kila wimbi la tatu la bati kwenye paa lote, na hivyo hivyo kwenye ukingo, ameacha mlango wazi. Ukingoni msumari uwe kila wimbi, na boriti ya paa ifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma uliopigwa ndani ya zege, isilazwe tu juu ya ukuta. Bati likishang'oka halikuhusu wewe tena, linamhusu aliye uchochoroni.

Nirudi kwenye maji, maana mengi yanayoua hayatoki baharini. Kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019, na picha zote zikawa za Beira. Lakini wengi walikufa bara, kwenye mabonde ya mito Buzi na Pungwe, na kwenye miteremko ya Chimanimani huko Zimbabwe ambako mawe yalishuka na vijiji. Kwa nchi zote tatu, pamoja na Malawi, waliokufa walipita 1,000. Miaka minne baadaye Freddy, kilichoishi baharini zaidi ya wiki tano, kiliua au kupoteza zaidi ya watu 1,000 nchini Malawi, nchi isiyo na pwani hata ya mita moja. Kwa hesabu hiyo, anayekaa Garsen au kando ya mto Sabaki asijione yuko mbali na kimbunga. Novemba 2023 hakikuwepo kimbunga chochote, ilikuwa mvua za El Niño, na bado mto Tana ulifurika hadi barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika Gamba. Mafuta, unga na dawa za Lamu hupita hapo.

Bangladesh imepunguza vifo kwa namna ambayo haihitaji utajiri. Mwaka 1991 kimbunga kiliua watu kama 138,000. Sidr, 2007, kiliua kama 3,400. Amphan kilipokuja Mei 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa nchini humo na vifo havikufika 50. India nayo, jimbo la Odisha: karibu 10,000 walikufa mwaka 1999, na wasiofika 50 Phailin ilipokuja 2013 baada ya karibu watu milioni moja kuondolewa. Satelaiti zilisaidia, ndiyo. Lakini kazi ilifanywa na watu wa kujitolea wenye bendera na vipaza sauti vya mkononi, mlango kwa mlango, na majengo yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini yake.

Ila kuna jambo moja la 1991 ambalo Lamu inapaswa kulisoma mara mbili. Wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Walibaki nyumbani wakisubiri waume, walibeba watoto, nguo ndefu zilizolowa ziliwavuta chini, na wengi hawakutaka kwenda kwenye hifadhi iliyojaa wanaume wasio mahramu, yaani wasio ndugu zao wa karibu, isiyo na choo cha wanawake. Huku kwetu hifadhi itakayotajwa kwanza ni darasa la shule. Kama darasa hilo halina pazia, halina choo cha wanawake chenye mlango unaofungika, na halina mwanamke wa mtaa aliyekabidhiwa ufunguo, basi mama wa nyumba tatu nne atabaki ndani, na binti zake watabaki naye. Sitara ni kifaa cha uokoaji kama jaketi la kuelea, na haigharimu sana: shuka, kamba, komeo.

Baada ya maji kushuka huanza vifo visivyopigwa picha. Puerto Rico, Septemba 2017, serikali ilisema kimbunga Maria kimeua watu 64. Chuo kikuu kimoja kilipolinganisha vifo vya miezi iliyofuata na vile vya kawaida, hesabu ikawa 2,975. Waliozidi walikuwa hasa wazee na wagonjwa: umeme ulikatika miezi, mashine za kupumulia zikazima, kliniki za figo zikafungwa. Huko Louisiana mwaka 2020, kimbunga Laura kilipopita, sababu kubwa ya vifo ilikuwa moshi wa jenereta zilizowashwa ndani au kibarazani. Nyumba za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, zimebanana kiasi kwamba ua wa ndani wa nyumba moja ndiyo dirisha la jirani. Jenereta ikae juu ya paa la wazi, penye upepo, mita 6 au zaidi kutoka kwenye tundu lolote la nyumba, pasipowezekana, isiwashwe.

Beira mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu alithibitishwa chini ya wiki mbili baada ya Idai, na zaidi ya watu 800,000 wakapewa chanjo. Lamu ina udhaifu wake wa peke yake: maji ya mji hutoka visima vya matuta ya mchanga huko Shela. Maji matamu pale hayako kwenye tangi la mwamba. Yanaelea juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi. Kwa kanuni, kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kama sentimita 40 chini yake. Bahari ikifunika kisima, hamu ya kwanza ya kila mtu ni kuleta pampu na kukikausha. Hilo ndilo kosa lililofanywa katika visima vya Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004: ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10, unakaribisha chumvi ipande mita 4 kutoka chini. Toa takataka na tope, vuta maji kidogo kidogo kwa ndoo, kisha uiache mvua ifanye kazi. Huenda ikachukua msimu mzima au zaidi. Wakati huo maji ya kunywa yatoke tangi na birika za mvua.

Maji hayo yatiwe dawa: klorini ya kufulia ya 5% isiyo na manukato, matone 2 kwa lita, subiri dakika 30. Yakiwa na vumbi chuja kwa kitambaa kizito, kisha matone 4. Klorini haiondoi chumvi. Hili lina maana kwa anayeharisha: kipimo cha lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kinafaa kwa maji matamu tu. Ukikoroga kwa maji ya kisima yaliyoingiwa na bahari, umempa mgonjwa chumvi kupita kiasi, na ni mtoto atakayedhurika kwanza.

Kuhusu mikoko, watu husema mengi kuliko ilivyopimwa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ni ngao kweli, lakini ya kitu gani? Mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa kati ya 13% na 66%. Kwa bahari iliyovimba kazi ni ndogo: sentimita 5 hadi 50 kwa kilomita nzima ya msitu. Kwa hiyo ukanda mwembamba wa mikandaa mbele ya mashamba ya chumvi unapunguza makali ya mawimbi, hauzuii maji. Faida nyingine husahaulika: mahori, yaani vijito vya bahari, yaliyo ndani ya mikoko ni maficho ya vyombo. Boti za faiba zilizopangwa ubavu kwa ubavu gatini husagana zenyewe kwa zenyewe. Zipelekwe horini maji yakiwa yamejaa, injini na tangi vishushwe, zifungwe kamba nne kwenye miti tofauti, na kamba ziwe ndefu. Kamba fupi huizamisha boti bila dhoruba kuigusa: maji yakipanda mita moja zaidi, pua hushikwa chini, tezi, yaani nyuma ya boti, huinuka, maji huingia.

Basi tangazo lisemeje? Wataalamu wa hali ya hewa wana kasi ya upepo na kimo cha mawimbi, mamlaka ya bandari ina jedwali la maji, vikundi vya BMU, vya wavuvi wanaosimamia fuo, vina manahodha. Wakikaa meza moja kwa nusu saa wanaweza kutoa kitu kama hiki, kwa mfano:

"Kesho Jumamosi, tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, maji yatajaa saa kumi na nusu alasiri. Ni bamvua, na upepo utayaongeza. Huenda yakafika alama nyekundu ya gati. Walio nyumba za chini za Wiyoni na Langoni wapande juu kabla ya adhuhuri. Boti ziingie horini kwa maji ya alfajiri. Kivuko cha Mokowe kitafungwa saa tano. Hifadhi ya wanawake na watoto ina mlango wake."

Hakuna kilomita kwa saa hata moja humo. Saa zake zimefuata maji: bamvua la pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo nafasi ya mwisho ya kuhamisha boti ni maji ya alfajiri, na mzee anayepandishwa kwa punda asingojee barabara ilowe. Tangazo lipite kwenye vipaza sauti vya misikiti, mara baada ya swala, na msomaji awe nahodha anayejulikana.

Alama nyekundu ndiyo bado haipo. Ni kazi ya kopo moja la rangi na mpimaji mmoja: mstari mweupe pale bamvua la kawaida linapoishia, wa manjano nusu mita juu yake, mwekundu mita moja juu. Gati la Lamu, la Mokowe, la Malindi, nguzo moja Kipini, moja Ngomeni. Maji yakiishia vidole vinne chini ya mwekundu, kila apitaye kesho yake ataliona tope lilipokauka, na atajua mwenyewe kama alitishwa bure.